Chupa, Ndizi na Daftari: Namna ya Kuchunguza Kama Jeni Iliyopandikizwa kwa Nzi Inadumu

Chukua embe dodo lililodondoka chini ya mwembe wowote kati ya Kimamba na Mikumi mwezi wa Desemba, ulikague kabla ya kulikata. Kwenye ganda utaona kidoa cheusi, kama pametobolewa kwa ncha ya sindano, na pembeni utomvu umekauka. Sasa kata. Nyama imegeuka kahawia na kulainika kama uji, na katikati yake funza weupe wanajinyonga. Mweke mmoja juu ya meza kavu umwangalie. Atajipinda mpaka mdomo ukutane na mkia, kisha atajifyatua na kuangukia mbali. Anatafuta udongo wa kujifukia ili awe pupa.

Mama yake ni nzi wa matunda anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis. Asili yake ni Asia. Huku kwetu alionekana kwanza Kenya mwaka 2003, na muda mfupi baadaye Tanzania. Kwa miaka kadhaa wataalamu walimwita Bactrocera invadens, wakiamini ni wa aina yake, hadi mwaka 2015 ilipokubalika kwamba ni yuleyule wa Asia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, akiwemo Maulid Mwatawala, wamemfuatilia kwa miaka mingi kuanzia tambarare hadi milimani, na tambarare ndiko alikotamalaki.

Jambo lililonifanya niandike mwongozo huu ni hili. Mwaka 2000, watafiti wawili huko Marekani, Alfred Handler na Susan McCombs, walieleza kwamba wamefanikiwa kumpandikiza nzi huyuhuyu jeni ngeni. Chombo walichotumia kuibeba ni kipande cha DNA kinachoitwa piggyBac, kilichogunduliwa katika seli za nondo. Katika taarifa hiyohiyo walieleza kwamba DNA ya nzi huyu tayari ina vipande vinavyofanana mno na piggyBac. Yaani gari lililoleta mgeni lilikuta ndugu zake wanakaa mle mle ndani.

Mwenye mashamba ya maembe Kilosa ana haki ya kujua kwa nini jambo hilo lina uzito. piggyBac ni jamii ya transpozoni, vipande vya DNA vyenye uwezo wa kung'oka mahali vilipo na kuhamia pengine. Kung'oka huko kunahitaji kimeng'enya maalumu. Mtafiti anapotengeneza chombo chake huondoa jeni ya kimeng'enya hicho, ili mzigo ukishaingia kwenye kromosomu utulie. Lakini kama ndugu waliomo ndani ya nzi bado wanaweza kutengeneza kimeng'enya cha namna hiyo, mzigo unaweza kung'olewa tena. Na piggyBac ina tabia ya kuondoka bila kuacha kovu: mahali ilipokuwa panarudi jinsi palivyokuwa mwanzo. Hakuna anayeweza kukuhakikishia kwa kufikiri tu kwamba jeni itadumu. Lazima afuge nzi, kizazi baada ya kizazi, na ahesabu.

Kazi ya kuhesabu unaweza kujifunza ukiwa Rudewa, Ilonga au Mikumi mjini. Kazi ya kupandikiza huwezi kuifanyia nyumbani wala darasani, na usijaribu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kanuni zake za Usalama wa Bioteknolojia za mwaka 2009 zinataka kibali kabla ya kuingiza, kufuga au kuachia kiumbe aliyebadilishwa jeni, na ofisi inayosimamia ni ya Makamu wa Rais. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo jina lake limetoka kwenye mji wa Ifakara, mbele ya Kidatu ukifuata barabara kutoka Mikumi, inashughulika na mbu waliopandikizwa jeni katika maabara yake ya Bagamoyo, na mbu hao wanafugwa ndani ya ulinzi wa milango na nyavu. Ukifanya kazi huko siku moja, utaingia na ujuzi ulioupata kwa nzi wa kawaida. Mkono wa mfugaji wa wadudu hauundwi kwa wiki mbili.

Anza na vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyozunguka ndizi mbivu. Hao ni Drosophila, na ukoo wao si mmoja na wa nzi wa kwenye embe, ingawa wote tunawaita nzi wa matunda. Wa kwenye embe hutoboa tunda zima. Hawa wadogo hufuata tunda lililokwisha kuiva na kuchacha. Faida yao ni kasi: kwenye joto la nyuzi 25 Drosophila melanogaster hutoka yai hadi nzi kwa siku kama 10, wakati nzi wa embe huchukua mwezi au zaidi kukamilisha kizazi. Kwa mwaka mmoja wa shule unaweza kupitisha vizazi vingi vya Drosophila.

Ponda ndizi mbivu mbili, changanya na uji mzito wa sembe uliopoa na kijiko kidogo cha hamira, weka kimo cha vidole viwili ndani ya chupa safi iliyochemshwa. Chomeka kipande cha karatasi ngumu, wapate pa kupanda na kugeukia pupa. Ziba kwa pamba au kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira. Acha chupa nyingine wazi karibu na ndizi mpaka nzi waingie, kisha wahamishie. Mikumi na Kilosa joto ni adui. Likifika nyuzi 30 na kuendelea, madume huanza kupoteza uwezo wa kuzalisha, na chupa hubaki na mayai yasiyoanguliwa. Panga chupa kwenye beseni la mchanga uliolowa, chumba chenye kivuli, na ulowanishe mchanga asubuhi na jioni. Kipimajoto kikae hapohapo kati ya chupa, kisitundikwe ukutani.

Ukuta wa kwanza utakaogonga ni ukungu, wa pili ni utitiri, na wa tatu ni nzi aliyetoroka chupa moja akaingia nyingine. Huo wa tatu ndio unaoharibu matokeo bila kelele. Nimewahi kuhamisha chupa sita kwenye meza moja, kwa haraka, taa ikiwaka karibu, na baada ya wiki mbili nikakuta kwenye chupa ya nzi wenye macho meupe wawili wenye macho mekundu. Nililazimika kutupa chupa zote sita na kuanza upya, kwa sababu sikuwa na njia ya kusema ni ipi iliyochafuliwa na ipi iliyobaki safi. Tangu hapo nafungua chupa moja tu kwa wakati, nafuta meza kwa spiriti, na nzi yeyote anayeruka chumbani anauawa hata kama najua ametoka wapi.

Macho meupe hayo nayataja kwa sababu ndiyo mlango wa somo lenyewe. Mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan huko New York alimwona nzi dume mwenye macho meupe katikati ya wenye macho mekundu. Hayo yalikuwa mabadiliko ya asili, na jeni yake, iitwayo white, iko kwenye kromosomu ya X. Mwaka 1982 Gerald Rubin na Allan Spradling walifanikiwa kumpandikiza Drosophila jeni kwa kutumia transpozoni nyingine, P, na walijua wamefaulu kwa kuangalia rangi ya macho iliyorejea kwa watoto. Siku hizi mbinu inayotumika sana ni hiyohiyo: unachukua ukoo wenye macho meupe, unapandikiza jeni unayoitaka ikiwa imeandamana na nakala fupi ya white. Mtoto aliyepokea mzigo ana macho ya rangi. Aliyeukosa ana macho meupe. Kwa hiyo kupotea kwa jeni kunaonekana kwa hadubini ya shule.

Angalia rangi yenyewe kwa makini, usitosheke na "ana rangi" au "hana". Nakala ileile ikiingia mahali tofauti kwenye kromosomu hutoa rangi tofauti: huyu macho ya njano iliyopauka, yule chungwa, mwingine mekundu kabisa. Na ikitua karibu na sehemu ya kromosomu iliyokazwa na kufungwa, jicho moja linaweza kuwa na mabaka, seli hizi nyekundu na zile nyeupe, mithili ya kitenge kilichochujuka. Jeni ipo katika seli zote za jicho hilo, ila katika baadhi imenyamazishwa. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Jeni iliyoondoka na jeni iliyonyamaza zinaonyesha sura moja kwa nje, lakini hatari zake hazifanani. Iliyoondoka imekwisha, haitarudi. Iliyonyamaza inaweza kuzinduka kizazi kingine, au ikazidi kunyamaza polepole huku kila mtu akiamini bado inafanya kazi. Ipo pia iliyobaki mahali pake lakini imeharibika herufi moja au mbili, ikawa haina kazi tena.

Sasa upange jaribio, kwa siku utakapokuwa kwenye maabara yenye kibali. Kosa la kawaida ni kufuga ukoo uliopandikizwa ndani ya chupa yake na kuangalia mara kwa mara kama wote bado wana rangi. Chupa ya namna hiyo haikuambii kitu kwa muda mrefu, kwa sababu nzi mwenye nakala mbili akipoteza moja bado ana rangi. Njia ya kweli ni kuwapima kwa ndoa za nje. Chukua madume wenye nakala mbili, uwaozeshe majike wenye macho meupe wasio na jeni hiyo. Kila mtoto atapata nakala moja kutoka kwa baba na hatapata kitu kwa mama, kwa hiyo watoto wote wanatakiwa wawe na rangi. Mweupe mmoja akitokea, una habari.

Majike hao lazima wawe hawajakutana na dume, maana jike hutunza mbegu za dume tumboni na kuzitumia siku nyingi. Kwa nyuzi 25 una muda wa saa kama 8 tangu atoke kwenye pupa. Mtambue kwa macho: mwili umepauka, mabawa bado yamekunjamana au ndiyo kwanza yananyooka, na tumboni, ukimwangalia kwa chini, kuna doa la kijani kilichokoza, mabaki ya chakula cha mwisho alipokuwa funza. Doa hilo likishatoweka, usimwamini. Dume mtambue kwa miguu ya mbele: ana chanuo dogo jeusi la nywele kwenye mguu wa kwanza. Ili watulie, weka chupa juu ya barafu dakika chache.

Jambo moja la kuangalia kabla hujashtuka: kama jeni imeingia kwenye kromosomu ya X, baba huwapa mabinti tu. Watoto wa kiume wote watakuwa weupe, na hakuna kilichopotea. Hesabu majike na madume kwa safu mbili tofauti tangu siku ya kwanza.

Daftari liwe la kurasa zilizoshonwa. Karatasi zilizolegea hupotea. Mstari mmoja kwa chupa moja, namna hii kwa mfano: "Chupa K-07, kizazi cha 4, 12 Machi, nyuzi 26, majike 108 wenye rangi, 0 weupe, madume 104 wenye rangi, 0 weupe, saa 3 asubuhi, kahesabu wa kwanza, karudia wa pili." Huyo wa pili asione namba ya wa kwanza kabla hajaandika yake. Chupa iliyokufa nayo iandikwe, na sababu yake kama inajulikana. Daftari lisilo na chupa hata moja iliyokufa silisadiki.

Sifuri ndiyo namba inayohitaji uangalifu kuliko zote. Ukihesabu nzi 300 usione mweupe hata mmoja, hujathibitisha kwamba jeni haipotei. Kuna kanuni rahisi wanayoitumia watakwimu: gawanya 3 kwa idadi uliyohesabu. Kwa nzi 300, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kupotea hakuzidi mmoja kwa kila 100. Kwa nzi 3,000, hakuzidi mmoja kwa kila 1,000. Linasikika dogo. Lakini kiwanda cha El Pino kule Guatemala, kinachofuga nzi wa matunda wa Mediterania ili kuachia madume tasa, kimekuwa kikitoa zaidi ya bilioni 1 kwa wiki. Katika bilioni, mmoja kwa 1,000 ni nzi milioni 1 kila wiki. Ndiyo maana anayekuletea karatasi inayosema "jeni ni thabiti" muulize swali moja tu: mmehesabu wangapi?

Siku mweupe akitokea, usimtupe na usimwondoe kwenye hesabu kwa sababu anakusumbua. Mtenge kwenye chupa yake. Mwozeshe mwenzi mwenye macho meupe asiye na jeni, uone watoto. Wakitokea wenye rangi, jeni ilikuwemo imelala. Wakiwa weupe wote, endelea: baada ya kupata watoto wake, mchukue yeye mwenyewe, apimwe DNA kwa PCR, kipimo kilekile ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa Uviko. Kipimo kifanyike mara tatu kwa shabaha tofauti: katikati ya jeni, kwenye mpaka wake wa kushoto na wa kulia ambapo inaungana na kromosomu, na mahali pale pakiwa patupu. Mipaka ikiwepo, jeni haijahama. Imenyamaza au imeharibika. Mipaka ikikosekana lakini katikati ya jeni ipo, imehamia kwingine. Vyote viwili vikikosekana na mahali pakarudi jinsi palivyokuwa, ama imeng'oka au una nzi mgeni aliyeingia kutoka chupa nyingine. Kutofautisha hayo mawili ya mwisho unahitaji alama nyingine ya ukoo wako, kasoro ya bawa au ya nywele isiyohusiana na jeni uliyopandikiza, ambayo mgeni hatakuwa nayo. Iweke alama hiyo mwanzoni. Baadaye huna namna.

Watafiti hawakubaki kuhesabu hasara tu. Handler na wenzake walionyesha kwamba baada ya mzigo kuingia unaweza kukata ncha moja ya transpozoni, na bila ncha zote mbili kimeng'enya hakina pa kushika. Wengine, katika nzi wa Mediterania, waliondoa ncha zote na kuiacha jeni peke yake kwenye kromosomu. Kwa nzi wetu wa embe, mwenye ndugu wa piggyBac ndani yake, mimi naona hatua hiyo si ya hiari. Ukoo wowote usiofungwa namna hiyo usizungumziwe kabisa kuachiwa nje.

Kuna funzo jingine la zamani zaidi, lisilohusu upandikizaji. Maabara ya FAO na Shirika la Nguvu za Atomiki la Kimataifa pale Seibersdorf, karibu na Vienna, ilitengeneza ukoo wa nzi wa Mediterania ambao mayai ya kike hufa yakipashwa joto la nyuzi kama 34, na pupa wa kike ni weupe huku wa kiume ni kahawia. Kiwanda kinapata madume matupu. Lakini mara chache kromosomu hubadilishana vipande, mpangilio unavunjika, na kasoro ndogo ikirudishwa chupani kila kizazi huzaana mpaka ukoo mzima unaharibika. Dawa waliyoipata ni ya kawaida sana: wanatunza kundi dogo la mama, linalokaguliwa nzi mmoja mmoja, kutoka humo watoto huenda mbele kuzaliana kwa wingi, na hakuna hata mmoja anayerudishwa nyuma. Nawe fanya hivyo. Tenga chupa mbili za mama, zisiguswe na mtu mwingine, na kila jaribio lichukue nzi kutoka humo.

Mtu atakuuliza kwa nini kujisumbua hivi wakati Unguja ilimaliza mbung'o bila jeni ya kupandikiza. Ni kweli. Madume walifugwa Tanga, wakapigwa mionzi, wakarushwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Dume tasa hana mtoto, kwa hiyo hana cha kurithisha wala kupoteza. Lakini Unguja ni kisiwa. Hapa kwetu mwembe wa shambani umepakana na pori la Mikumi, na mng'ongo wa porini ni miongoni mwa miti ambayo matunda yake humlea nzi huyu. Mkulima akipulizia dawa shamba lake, wengine wanatoka porini, na hifadhini hakuna atakayeruhusiwa kupulizia. Mazingira ya namna hiyo ndiyo yanayowafanya watu wafikirie mbinu za jeni, na ndiyo hayohayo yanayofanya jeni isiyotulia iwe kitu cha kuogopa, kwa kuwa ikitoka huifuati tena.

Ukishaumudu ufugaji wa Drosophila, kuna kazi ya kweli unayoweza kuifanya kwa mikono yako. Okota maembe, mapera na ng'ongo zilizodondoka, nje ya mipaka ya hifadhi. Kila aina ya tunda iwe na ndoo yake yenye mchanga mkavu chini, kimo cha vidole vitatu, na kitambaa cha chandarua juu. Baada ya siku kama 10 chekecha mchanga utoe pupa, uwaweke kwenye chupa wapate kutoka. Nzi wakishatoka waache siku tatu au nne, wale maji na sukari, mpaka rangi zao zikolee na uweze kuwatambua. Wagandishe, kisha watie kwenye spiriti safi ya maabara ya asilimia 95. Ile ya rangi ya dukani haifai. DNA yao itabaki nzuri kwa miaka. Maabara yoyote itakayotaka kujua ni ndugu wangapi wa piggyBac wamo ndani ya nzi wa Kilosa na Mikumi, na kama wako hai, itawahitaji nzi wa hapa. Kwenye kila kichupa tumbukiza karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino hufutika ndani ya spiriti: kijiji, tarehe, aina ya tunda, na mti wenyewe ulipo.